Mungu Amsahilishie

Bi Afaf alikuja siku ya Jumatatu baada ya alasiri, mkononi ana mfuko wa machungwa ili aonekane mgeni wa mtu fulani. Hakumdanganya yeyote. Mwanamke asiyejulikana, viatu vimepigwa rangi, anapanda ngazi polepole huku akiitazama milango mmoja mmoja, huyo amekuja kuuliza. Pana posa, na upande wa msichana umemtuma mtu achunguze.

Aliyechunguzwa alikuwa Tharwat wa ghorofa ya nne, fundi wa mashine za kufulia, mwenye duka dogo nyuma ya soko la vitambaa hapo Mahalla. Msichana aliitwa Rihab, mwalimu wa hesabu huko Tanta. Walijuana kwenye simu, katika programu moja ya watu wanaotafuta ndoa, na jambo hilo lilipaswa kuwa siri. Lakini mama yake Tharwat, Hajati Inshirah, alikuwa amemnong'oneza mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe alikuwa Mama Wahid wa ghorofa ya kwanza. Kufikia adhuhuri hata mwoka mikate wa kona alikuwa akijua jina la shule anayofundisha bibi harusi.

Dalal wa ghorofa ya tatu alikuwa akishuka na ndoo ya taka. Wakakutana mahali ngazi inapokata kona, ambapo taa iliungua zamani na hakuna anayejishughulisha kuibadilisha.

"Salamu alaikum, mwanangu. Unakaa humu?"

Dalal aliitikia, akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na bado akiongeleshwa na mgeni damu ilimpanda masikioni.

"Siku nyingi?"

"Nimezaliwa humu."

"Basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta." Bi Afaf aliweka mfuko wake kwenye ngazi, akashusha pumzi. "Nimeshauliza wawili, wamenimwagia sifa kama watu wanaouza. Wewe naona si msemaji, na mimi wa maneno machache ndio ninaowaamini. Huyu Tharwat wa juu. Msichana ni mtoto wa marehemu dada yangu, mimi ndiye mama yake, mimi ndiye baba yake. Niambie kwa haki ya Mungu. Angekuwa anamposa dada yako, ungekubali?"

Jibu lilikuwa jepesi, na Dalal alikuwa nalo. Tangu Tharwat afiwe na baba hajawahi kumpandishia mtu sauti ngazini. Havuti hivyo vitu wanavyovuta vijana wa nyuma ya gereji. Hali chakula cha jioni mpaka amkute mama yake mezani. Neno moja tu lingetosha: ningekubali.

Dalal aliitazama ndoo yake.

"Mungu amsahilishie," akasema, akapita.

Maneno hayo si matusi. Ni dua. Ila katika mji ule dua hiyo ina mahali pake. Huambiwa ombaomba aliyegonga mlango wakati huna cha kumpa au hutaki kumpa, naye akiisikia huondoka bila kungoja. Na mtu akikuuliza habari za mposaji, ukamjibu kwa dua hiyo, umemwambia: ninayoyajua namwogopa Mungu kuyatamka, jikingeni wenyewe. Baada ya hapo hakuna mzazi anayeuliza tena.

Bi Afaf hakuuliza tena. Alikuwa hajafika hata ghorofa ya tatu. Dalal alisikia mfuko ukiinuliwa, kisha viatu vile vikaanza kushuka nyuma yake.

Kwenye pipa la taka alijiambia kwamba ni haya. Kila mtu anajua kwamba Dalal ana haya, hata akitumwa kununua jibini huonyesha kwa kidole. Mgeni amemshtukiza gizani, naye ametoa neno la kwanza lililomjia. Lakini huko ng'ambo ya barabara Bi Afaf alisimama kungoja gari, akatoa chungwa moja, akalimenya lote, akalila kipande kwa kipande. Muda ulikuwepo. Ni hatua ishirini, hazizidi. Dalal alisimama na ndoo tupu mpaka gari likaja na kuondoka, na hapo ndipo alipojua kwamba haikuwa haya.

*

Dalal alifanya kazi katika karakana ya nguo, kwenye meza ya pasi. Walikuwa wanawake kumi na mmoja, na mikono ikishazoea kazi midomo hubaki bila shughuli, kwa hiyo kila kilichotokea nchini kilihukumiwa mle ndani. Hakimu mkuu alikuwa Kawthar, msimamizi wao, mwanamke mnene aliyesoma habari kwenye simu huku akihesabu kola.

"Haya, tunarudishwa tena kwenye saa ya kiangazi, tusogeze saa mbele," angesema. "Wamechukua saa yetu moja. Mume wangu kawauliza wanaipeleka wapi."

"Kuna bwana mmoja kwenye televisheni katushauri tule kuku mara moja kwa juma," angesema Naglaa, mdogo wao, anayeshona vifungo.

"Mwambie aje anionyeshe huyo wa mara moja."

Siku habari za Tharwat zilipofika, waliziacha habari za nchi. Naglaa mwenyewe alikuwa na programu ile ile kwenye simu yake, akaipitisha kwa wenzake, picha baada ya picha.

"Tazama. Mhandisi. Mhandisi. Huyu naye mhandisi."

"Nchi yenye wahandisi wote hawa," alisema Kawthar, "na daraja letu la reli lina shimo tangu nikiwa mwari. Mwulize huyo amejenga nini."

"Kajenga kifua, shangazi, tazama picha."

"Na hiyo picha ni yake? Mume wa binamu yangu alikuja na nywele za picha. Harusini akavua kofia, bibi harusi akatafuta pa kukaa."

"Wewe shangazi uliolewaje?"

"Mimi nilimwona mume wangu mara mbili, zote mbili amekaa. Siku ya harusi akasimama, nikamaliza kumtazama mapema." Waliangua kicheko, na Kawthar akangoja kikaisha. "Lakini watu wetu walikwenda wakauliza. Baba yangu alizunguka mtaa mzima kwa siku tatu. Simu haiulizi mtu. Ndiyo maana nasema hata huyo wa simu, mwisho lazima mtu apande ngazi aulize."

Dalal alicheka pamoja nao, kidogo, macho kwenye pasi. Hakuna aliyemtazama. Hakuna aliyejua kwamba kwa miaka minne alikuwa amehesabu mtungi wa gesi wa nyumbani kwao, siku ngapi umebakiza, ili uishe siku Tharwat yuko nyumbani asubuhi. Tharwat hakukubali mpagazi awapandishie mtungi Dalal na mama yake, wanawake wawili wapweke. Aliubeba begani mwenyewe, akautua jikoni, akasema, "Asubuhi ya yasmini, Dalal," kama anavyosema kila mtu kwa kila mtu. Dalal alikuwa akiichukua ile yasmini anakwenda nayo kazini.

Na hakuna aliyejua siku ile ya maboga. Ilikuwa miaka miwili nyuma, wamekaa na Hajati Inshirah wakitoboa maboga madogo ya kujaza wali. Hajati alikuwa ameinua moja lililotobolewa na Dalal, jembamba kama karatasi na halikupasuka, akaligeuza kwenye mwanga. "Mikono yako ni dhahabu," akasema. "Laiti ungemaliza japo shule ya msingi, wallahi nisingemtafutia Tharwat mwingine." Alikusudia sifa. Dalal alikuwa ameachishwa shule darasa la tano, baba yake alipokufa. Alisema ahsante, akaendelea na boga jingine.

*

Fatiha ya kukubaliana posa ilikuwa isomwe Ijumaa. Jumatano ikaja simu kutoka Tanta: samahani, hakuna nasibu. Ndivyo wanavyosema wasipotaka kutoa sababu.

Hajati Inshirah alishuka mpaka ghorofa ya kwanza na viatu vya ndani, akasimama mbele ya mlango wa Mama Wahid, na jengo zima likanyamaza kumsikiliza.

"Umesema nini kuhusu mwanangu?"

"Nimesema nini? Nimemsifu mpaka mate yakakauka. Nilimwambia yule mwanamke ningekuwa na binti ningemfunga kamba nikuletee."

"Wewe? Mdomo wako umewahi kumsifu nani?"

"Inshirah, naapa kwa msahafu."

"Usiuguse msahafu kwa mkono huo."

Kila aliyekuwa ngazini aliona Hajati ana haki. Ni nani asiyemjua Mama Wahid? Ndiye aliyetangaza kwamba binti wa mfamasia amerudi kwao kabla binti mwenyewe hajashusha mabegi. Tangu ugomvi ule wa ngazini hakusalimiwa. Sahani za vitumbua vya Ijumaa zilipita mlango wake zikaenda kwa jirani. Na mashine yake ya kufulia ilipoharibika, Tharwat alimwambia kwa adabu atafute fundi mwingine, na fundi mwingine hakuja, kwa hiyo akawa anafua mashuka ya mumewe aliyepooza kwa mikono, kwenye beseni, mlango wazi kwa ajili ya hewa. Dalal alimwona kila asubuhi akienda kazini na kila jioni akirudi. Ni Dalal tu aliyebaki akimsalimu, na Mama Wahid humwitikia kwa sauti.

"Kazi njema, Dalal wangu. Wewe angalau bado una ulimi."

Karakanani nako kesi ilisikilizwa.

"Ni jirani," aliamua Kawthar. "Siku zote ni jirani. Mtu wa simu akikudanganya unamfuta. Jirani unamfutaje?"

"Labda yule msichana kaona mwingine," alisema Naglaa. "Mle ndani kuna wengi."

"Mle ndani kuna wahandisi. Fundi wa mashine ni mtu, msichana mwenye akili hamwachi. Mtu amesema neno. Huyo aliyesema, Mungu amlipe usingizini."

Pasi ya Dalal iliacha alama ya rangi ya chai kwenye mgongo wa shati. Kawthar alilitazama shati, kisha akamtazama Dalal, kwa sababu katika miaka tisa hakuwahi kuunguza kitu. Akalikunja, akaliweka kando bila kugomba. Hilo nalo lilikuwa baya.

Mtungi wa gesi uliisha wakati ule ule, na safari hii Dalal alikuwa ameomba usiishe. Tharwat aliupandisha. Aliutua jikoni, akafunga bomba, akabaki amechuchumaa pale chini, mkono juu ya mtungi.

"Waliuliza watu watatu," alisema. "Mama mdogo wa Rihab alimwambia hivyo, naye akanieleza kabla hajanifungia njia zote. Wawili walisema vizuri. Huyo mmoja ndiye." Alifikiri kidogo. "Najaribu kukumbuka nimemkosea nani. Nalala nawapitia majirani mlango kwa mlango. Kama nilimkosea mtu, si angeniambia nimwombe radhi?"

Dalal alikuwa amesimama karibu na sinki. Maji yalikuwa yakitiririka, hakuyafunga.

"Hukumkosea mtu," akasema.

"Wewe una moyo mzuri, Dalal," alisema Tharwat, akainuka, akaenda.

*

Hajati Inshirah alimwita Dalal Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Kaa hapa, mwanangu. Macho yangu haya hayaoni tena tarakimu. Nitafutie humu simuni namba ya Afaf wa Tanta, unipigie. Labda atanipokea."

Dalal aliipata namba. Alipiga, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hajati alikuwa ameshika mikono yake miwili mapajani kama mtu anayesubiri kwa daktari.

"Hatapokea," akasema. "Sikiliza. Wewe ni mtu wa kimya, watu wanaongea mbele yako kama mbele ya kabati. Tega sikio. Nataka nimshike Mama Wahid kwa ushahidi, siyo kwa dhana. Nisije nikamdhulumu." Akampapasa shavu. "Katika jengo hili zima nimebakiwa na wewe tu ninayekuamini."

Kusoma maneno kulimchukua Dalal muda, lakini tarakimu hazikuwahi kumshinda. Alitoka mle na namba ya Bi Afaf kichwani, akaitia kwenye simu yake hapo hapo ngazini kabla hajajipa nafasi ya kufikiri.

Jumapili, saa ya mapumziko, alijifungia kwenye stoo ya vitambaa, akarekodi ujumbe wa sauti. Akaufuta. Akarekodi mwingine, akaufuta. Wa kwanza ulikuwa pumzi tupu, wa pili ulikuwa uongo, wa tatu ukasikika kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Wa sita aliutuma akiwa amefumba macho.

"Salamu alaikum, Bi Afaf. Mimi ni yule msichana wa ndoo, wa ngazini. Uliniuliza nikasema lile neno. Halikuwa kweli. Tharwat ni mtu mzuri. Ningekubali. Uliniuliza ningekubali, basi jibu ni ningekubali. Nisamehe."

Jibu lilikuja kabla hajatoka mle stoo. Sauti ya Bi Afaf ilikuwa kavu.

"Mwanangu, nakushukuru. Najua umetumwa. Yule mama yake amepiga simu yangu jana mara mbili, leo unatokea wewe. Amekubana, maskini, nawe huwezi kumkatalia mtu. Neno lako la kwanza lilikuwa la hiari, hili la pili la kusukumwa. Mimi nashika la kwanza. Wala usiogope, jina lako silitaji."

Dalal aliusikiliza mara tatu. Alikuwa amefikiri kwamba kazi ngumu ni kusema, na kwamba akishasema mambo yatarudi yalivyokuwa. Sasa aliona kwamba lile neno alilitoa bure, na kulirudisha kunadai kitu ambacho hajakitoa bado.

Hakukitoa siku ile. Wala siku iliyofuata. Jumanne simu iliita, namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Dalal?" Ilikuwa sauti ya kike, tulivu, iliyozoea kungoja majibu. "Mimi Rihab."

Dalal alirudi stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya marobota.

"Ndiyo, mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Mama mdogo alinisikilizisha ujumbe wako jana. Anasema umebanwa. Umebanwa?"

"Hapana."

"Basi ungekuwa wewe ndiye mimi. Mtu anakuambia jambo, wiki ya pili anakuambia kinyume chake. Ungeshika lipi?"

"La kwanza," alisema Dalal, kwa sababu ndiyo kweli.

"Mimi mwanafunzi akifuta jibu akaandika jingine, simpi alama mpaka anionyeshe amelipataje. Nionyeshe."

Upande wa pili wa mlango cherehani zilikuwa zikinguruma, na juu yake sauti ya Kawthar ikilalamika habari za mkate. Dalal alishika uzi uliokuwa ukining'inia kwenye robota, akauzungusha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi.

"Nilitaka abaki," akasema.

"Abaki wapi?"

"Pale juu. Ghorofa ya nne."

"Anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua. Umejua wewe."

"Kwa nini hukumwambia yeye, ukaja kumwambia mama yangu mdogo?"

"Mimi nimeishia darasa la tano."

"Hilo sikukuuliza."

Dalal alisikia kule Tanta kengele ya shule, na watoto wakikimbia, na Rihab akingoja wapite.

"Watu wanadhani mtu wa simu hapendwi," alisema Rihab. Sauti yake haikuwa tulivu tena. "Miezi saba kila jioni alinitumia picha ya mashine aliyoitengeneza siku hiyo. Na alichokikuta ndani. Soksi, sarafu, mara moja meno ya bandia. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwenda wazimu. Lilipokuja neno lako nilimfungia, nikalia mbele ya darasa la wanafunzi arobaini, nikawaambia ni mafua. Nataka ulijue hilo."

"Nimelijua."

"Sitamwambia Tharwat. Si kwa ajili yako, ni kwamba sitaki akumbuke posa yetu kwa jambo hili. Lakini mama mdogo hakanyagi nyumba ile mpaka mama yake Tharwat asikie kwa kinywa chako. Tukirudi hivi hivi tutaonekana watu wa kugeuka geuka. Utaweza?"

"Nitajaribu."

"Usijaribu," alisema Rihab. "Karibu wiki mbili nimesubiri mtu ajaribu."

*

Jioni ile Hajati Inshirah alikuwa jikoni akichambua majani ya mulukhiya, anayachuma kwenye mashina na kuyatupa kwenye sinia. Dalal alikaa kwenye kiti kile kile alichozoea, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye majani. Kisha akaurudisha.

Alisema yote. Hakuwa mtu wa kuzungusha, kwa hiyo haikuchukua muda. Alipofika kwenye sababu alisema tu, "Kwa sababu nilikuwa namtaka mimi," na maneno hayo, aliyoyaficha miaka minne, yalikuwa mafupi kuliko alivyodhani.

Hajati aliendelea kuchambua. Alimaliza shina alilokuwa nalo, akachukua jingine, akalimaliza. Uso wake ulikuwa umezeeka pale pale mezani.

"Nilikuambia nimebakiwa na wewe," akasema.

"Ndiyo."

"Ukanitafutia namba. Ukanipigia simu kwa mkono wako."

"Ndiyo, Hajati."

Yule mama alijifuta vidole kwenye kanga yake ya jikoni, kimoja kimoja. Akainuka, akachukua simu, akamwonyesha Dalal mlango wa balkoni, yaani toka hapa nisikuone. Kutoka balkoni Dalal alimsikia akizungumza na Tanta, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa kulia kidogo, kisha kwa ile sauti tamu ya wazazi wanaotaka kuozana watoto wao. Alhamisi. Ahlan wa sahlan, karibuni. Nyumba ni yenu.

Aliporudi ndani Hajati alikuwa ameshakaa tena na majani yake.

"Nitakusitiri," alisema bila kumtazama. "Kwa ajili ya mama yako, na kwa sababu nadhani kuna siku nilikutamkia neno ambalo sikupaswa. Limeishia jikoni humu. Tharwat hatajua, jengo halitajua. Alhamisi usionekane ngazini."

"Na Mama Wahid?"

"Ana nini?"

"Hakusema lolote baya. Alimsifu."

Hajati alisukuma sinia pembeni. "Dalal, nikienda kumwomba radhi ataniuliza nimejuaje. Nimwambie nini? Ndani ya saa moja utakuwa umevuliwa nguo mbele ya mtaa mzima. Hakuna atakayekuja kukuposa mpaka ufe. Yule mwanamke amewasema watu miaka thelathini, hata hili akilibeba halimzidishii. Mwache alibebe. Funga mlango ukitoka."

Dalal alifunga mlango. Alishuka ngazi kumi na nane mpaka kwao, akamkuta mama yake akitazama tamthilia, akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi na tano alihisi kifua kimefunguka. Amesema. Tharwat ataoa. Yeye amesitiriwa. Mtu angeomba nini zaidi?

Raha ile ilidumu mpaka asubuhi, alipopita ghorofa ya kwanza. Mama Wahid alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono imechubuka mpaka kwenye viwiko.

"Nasikia wanarudi Alhamisi," alisema. "Alhamdulillahi. Nilijua yule kijana Mungu hatamwacha. Sasa labda Inshirah atanisemesha, unaonaje?"

Dalal alisema hajui, akatembea haraka.

Alhamisi alirudi kutoka kazini mapema. Hakupanda kwao. Wageni wa Tanta walikuwa wameshafika, kwani kutoka juu zilisikika sauti nyingi pamoja na vijiko, na wanawake wa jengo walikuwa wakipanda na kushuka na trei za sharubati, wamevaa vizuri, kila mmoja akipita mbele ya mlango wa ghorofa ya kwanza kana kwamba ni ukuta. Mlango ulikuwa wazi. Mama Wahid alikuwa ameketi kwenye kiti ndani kidogo, naye amevaa vizuri, gauni la zambarau na hereni, mkoba uko mapajani. Alikuwa akingoja mtu ashuke amwite.

"Umekosea mlango, mwanangu," alimwambia Dalal. "Sherehe iko juu."

"Nimekuja kwako."

"Kwangu? Basi ingia ukae, mbona umesimama kama mkusanya bili."

Dalal aliingia hatua moja. Alitaka kuusukuma mlango nyuma yake, mkono ukafika kwenye kitasa, akauondoa. Akasema. Lakini sauti ilimtoka ndogo, ikaanguka hapo hapo kati yao, na nyuma yake ngazini mke wa mwoka mikate na dada yake walikuwa wakipanda wakicheka.

Mama Wahid aliinama mbele, kiganja nyuma ya sikio.

"Sikukusikia. Sema kwa nguvu."

Wale wawili ngazini walisikia kwamba kuna jambo, wakapunguza mwendo, kisha wakasimama. Dalal alijua wamesimama. Aligeuka nusu, ili wao pia wamwone uso, akaanza upya tangu kwenye ndoo ya taka, kwa sauti.